Crashlytics inasema zaidi ya 99% wako salama, makarani wanasema apu inawatoa nje. Nani mkweli?

karani_dijitali

Wakuu habari za mihangaiko. Naombeni msaada mana hapa nimekwama na bosi hanielewi.

Nina apu ya Flutter (zana ya Google ya kutengenezea apu) ambayo makarani wa AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) wanaitumia kusajili wakulima wa korosho huku Newala na Tandahimba. Karani anafika kwa mkulima anajaza jina, anampiga picha, anapiga picha kitambulisho cha NIDA (cha taifa), anachukua GPS ya shamba, anasevu, jioni akifika penye mtandao data zinapanda seva. Kitu cha kawaida tu. Firebase Crashlytics, ile huduma ya Google ya kuripoti krashi yani apu ikifa ghafla, nimeiweka tangu mwanzo na nikifungua dashibodi naona raha, wasiopata krashi ni 99 na pointi zake. Sasa njoo kwenye grupu la WhatsApp la makarani, ni vilio mtindo mmoja: "apu inanitoa nje nikipiga picha", "nimejaza fomu yote imerudi mwanzo", mwingine "kioo kimekuwa kijivu hakuna kitu", mwingine "imeganda mpaka nikazima simu". Na ni watu tofauti wa vijiji tofauti, hawawezi kuwa wamekaa wakatunga.

Kwangu nimejaribu kila namna, simu yangu ya RAM 8 haijawahi kunitoa nje, emuleta nayo safi kabisa. Simu zao ni zile ndogo za RAM 2 na wengine RAM 1 za Android Go.

Ili nimjue anayepata shida nimeanza kuandika kwenye logi za Crashlytics jina la karani, namba yake ya simu na namba ya NIDA ya mkulima anayesajiliwa muda huo, ila bado sioni kitu. Nihamie Sentry (huduma nyingine ya kufuatilia makosa ya apu)? Au nyie mnatumia nini kufuatilia apu ambayo watumiaji wake muda mwingi hawako hewani?

Fundi Chogo

Flutter hiyo mkuu. Andika Kotlin, lugha ya Android yenyewe, ulale usingizi.

Mzee wa Logi

@Fundi Chogo usimpotoshe mtu, hata angeandika Kotlin hili lingemkuta vilevile.

Mkuu karani_dijitali, Crashlytics ni nzima na makarani wako hawadanganyi, ila kila mmoja anaongelea kitu chake. Kwa Crashlytics krashi ni pale kodi yako inapotupa kosa na hakuna aliyelidaka, hapo inawahi kuandika faili ndani ya simu kabla apu haijafa, afu ripoti inatumwa safari nyingine mtu akifungua apu na mtandao upo. Sasa hiyo ya "inanitoa nje nikipiga picha" kwenye simu ya RAM 2 mara nyingi wala si krashi. Karani anabonyeza kamera, kamera ni apu nyingine na ni nzito, memori haitoshi, Android inaangalia nani yuko nyuma hatumiki kwa sasa, inakukuta wewe, inakuua kimyakimya. Hakuna kosa lililotupwa, hakuna mstari wa kodi wa kulaumu. Karani akimaliza kupiga picha akabonyeza OK, Android inaifufua apu yako lakini imeanza upya, fomu tupu na picha haipo. Yeye anaiita krashi na ana haki yake, ila Crashlytics hapo ni kama karani wa ghala anayehesabu magunia yaliyomfikia, yaliyodondoka njiani hayamo kwenye daftari lake.

Walioandika image_picker (paketi ya Flutter ya kupiga na kuchagua picha) hili wanalijua, ndo mana wameweka retrieveLostData. Kazi yake ni hiyo tu, apu ikiamka unaiuliza kuna picha ilikuwa njiani wakati nakufa? Inakupa. Wengi wanairuka hiyo sehemu kwenye maelezo ya paketi kwa sababu kwenye simu kubwa huwezi kuona umuhimu wake. Na fomu usiiache ikae kwenye memori peke yake, kila karani akitoka kisanduku kimoja kwenda kingine sevu rasimu kwenye SQLite (database ndogo ndani ya simu), na kabla hujafungua kamera sevu tena.

Kuipata ofisini bila kupanda basi la Newala ni rahisi: jaza fomu nusu, bonyeza kamera, kamera ikiwa wazi nenda kwenye laptopu andika adb shell am kill (amri ya kuiua apu iliyo nyuma) na jina la paketi yako, afu piga picha urudi. Utaona wanachokiona wao. Kuna na ile swichi kwenye menyu ya wasanidi programu ya kutohifadhi kurasa ukizitoka, inasaidia ila yenyewe inaua ukurasa tu, process inabaki hai, kwa hiyo am kill ndo inakaribia hali halisi.

karani_dijitali

Aisee. Nimefanya hiyo am kill hapa hapa, imerudi ukurasa wa mwanzo fomu nyeupe kama haijawahi kujazwa. Yan wiki zote hizi naangalia dashibodi ya kijani.

Ila sasa mkuu bosi anataka namba. Nikimwambia "Android inatuua" atasema natafuta kisingizio. Nitajuaje inatokea kwa wangapi na wapi, kama Crashlytics haioni?

Mzee wa Logi

Njia ya kwanza ya kienyeji na ndo naipenda kuliko zote mana haihitaji huduma ya mtu wala mtandao. Kabla hujafungua kamera andika alama kwenye SQLite: muda, ukurasa gani, picha ya ngapi, memori iliyobaki. Kamera ikirudi salama futa alama. Apu ikiwaka na kukuta alama bado ipo ujue ulifia kwenye kamera, ihamishe kwenye jedwali lake na jioni ipande seva pamoja na data za wakulima. Baada ya muda una jedwali lako mwenyewe la vifo, simu gani, hatua gani. Hii inafanya kazi hadi kwenye Android za zamani.

Ya pili ni ya Android yenyewe, kuanzia Android 11 kuna kitu kinaitwa ApplicationExitInfo, apu ikiwaka unauliza mara za mwisho nilikufaje, inakujibu kama ni krashi, ni ANR (apu kuganda bila kujibu), ni memori ndogo, au mtumiaji mwenyewe kaizima. Kwenye Flutter itabidi uandike mistari michache ya Kotlin upande wa Android (Fundi Chogo atafurahi). Angalizo: si kila simu inaweza kuripoti kifo cha memori, zisizoweza zinakuandikia tu kwamba umeuawa kwa signali namba 9 bila kusema kwa nini. Kwa hiyo usihesabu REASON_LOW_MEMORY peke yake ukajiona salama, iangalie na hiyo REASON_SIGNALED, na kuna isLowMemoryKillReportSupported ya kuuliza simu kama inaweza au haiwezi.

Kingine ambacho nadhani mnakifanya huko, karani akilalamika mnamwambia "toa apu uweke upya" au "futa data". Acheni mara moja. Ripoti ambazo hazijatumwa zinakaa kwenye hifadhi ya apu, ukifuta data umefuta na ushahidi. Mwambie awashe data, afungue apu, aiache dakika kadhaa, ndo muongee mengine.

shosh_wa_kernel

Niaje watu wa TZ, hapa Nairobi hii story tunaijua sana. Mzee wa Logi ameongea vizuri kuhusu kamera lakini kuna hiyo ya kioo kijivu, hiyo ni kitu ingine kabisa na watu wameipita.

Kwa Flutter exception (kosa) ya Dart, ile lugha ya Flutter, haiui apu. Ukiwa kwa debug (toleo la majaribio) unaona ile kitu nyekundu imejaa maandishi, ukiwa kwa release (toleo la watumiaji) inakuwa kijivu tupu na apu inaendelea kuishi. Sasa swali ni moja, kwa main yako (pale kodi inaanzia) uliweka recordFlutterError ama recordFlutterFatalError? Kama ni ile ya kwanza zinaingia kama zisizo za kuua, na hizo haziguzi ile asilimia yako ya kujivunia hata kidogo. Ziko hapo kwa Crashlytics, ni vile dashibodi inafunguka na chujio ya krashi pekee, ingia kwa chujio uwashe zisizo za kuua uone maajabu. Halafu hakikisha uko na PlatformDispatcher.instance.onError, kwa sababu FlutterError.onError peke yake haishiki makosa ya async, yale ya kusubiri mtandao au database.

Na ukizitegemea hizo zisizo za kuua ujue Crashlytics inaweka nane za mwisho tu kwa kila kikao, zingine inatupa. Kwa mtu anashinda shambani na apu wazi siku mzima nane ni kidogo, so kama kuna kosa linajirudia kila sekunde litafukuza yale mengine ya maana.

Hiyo ya kuganda nayo ni ANR. Mtu akigusa kioo na apu isijibu kwa sekunde 5 Android inauliza kama aifunge. Unafanya nini wakati wa kusevu? Kama unakandamiza picha ama unasoma rekodi zote za SQLite kwa isoleti (sehemu ya kukimbizia kodi) ile ile inachora skrini, kwa simu yako ya RAM 8 hutaona kitu, kwa hizo ndogo zenye hata hifadhi imejaa ni lazima igande. Peleka kwa compute ama isoleti yake. Na kuanzia Flutter 3.29 kodi ya Dart kwa Android inakimbia kwa ile thredi kuu yenyewe, kitambo ilikuwa na yake, so kazi nzito ya Dart sahii inaweza kukuletea ANR moja kwa moja.

Play Console (dashibodi ya Google ya wenye apu) nayo ukona Android Vitals, takwimu za afya ya apu, bure kabisa, inasoma kutoka kwa Android yenyewe so ANR inaona hata kama hujaweka SDK (kodi ya huduma ya nje) yoyote. Google wameweka mstari: krashi ambazo mtumiaji ameziona zikipita 1.09% ya watu wa siku, ama ANR 0.47%, apu inaanza kufichwa kwa Play Store. Na kwa modeli moja ya simu mstari ni 8%. Hiyo ya modeli ndio tamu kwako juu wastani wa jumla unaficha, watu wa simu kubwa wanakubebea wenye simu ndogo. Shida ni moja, Vitals inahesabu wale wamekubali kushare data za matumizi, na watu wakiwa wachache haionyeshi kitu.

karani_dijitali

@shosh_wa_kernel ni recordFlutterError, niliikopi kwenye video ya YouTube. Nimewasha hilo chujio… tuache tu. Kuna kosa moja la tarehe ya kuzaliwa, ya mkulima asiyejua tarehe inaachwa wazi afu ukurasa unaofuata unajaribu kuisoma. Wazee wengi huku hawana tarehe kamili, wana mwaka tu. Hicho ndo kijivu chenyewe.

Vitals haina kitu, mana makarani wengi wanarushiana APK (faili la apu) kwa Xender, simu kwa simu, kuokoa bando, sijui hata nani anatumia toleo lipi.

binti_seva

Mimi nimekwama kwenye kitu kimoja tu mmekipita wote kama hamkukiona. Namba ya NIDA ya mkulima, jina na simu ya karani, ndani ya logi za krashi?? Kaka toa hizo leo, usisubiri toleo lijalo.

Hizo logi zinatoka kwenye simu ya karani zinaenda kukaa kwenye seva za Google nje ya nchi, na yeyote mwenye ruhusa ya mradi wenu wa Firebase anaziona, hadi yule kijana wa fild aliyeondoka kama hamkumtoa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, ina masharti ya kukusanya na ina masharti ya kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi, na kuna Tume yake. Mkulima alikupa kitambulisho asajiliwe apate pembejeo, hakukupa ili wewe udibagi. Wakenya nao wana yao ya 2019 kwa hiyo @shosh_wa_kernel atakwambia hivohivo.

Na kiufundi wala huzihitaji. Mpe kila karani namba ya nasibu siku anayojiandikisha kwenye apu, weka hiyo kwenye setUserIdentifier, jedwali la kusema namba hii ni nani libaki kwenye seva yenu. Akilalamika kwenye grupu unamwangalia kwa namba yake. Badala ya NIDA weka vitu vinavyokusaidia kweli: jina la ukurasa, hatua ya fomu, toleo la apu (hapo Xender hawakusumbui tena), memori iliyobaki, nafasi iliyobaki kwenye simu, yuko hewani au hayuko. Vitufe maalum vya Crashlytics (custom keys, sehemu za kuweka taarifa kama hizo) vinaruhusiwa mpaka 64, vinakutosha na kubaki. Zile ambazo zimeshaenda Crashlytics inakaa nazo siku 90 kabla ya kuanza kuziondoa, kwa hiyo ongea na bosi wako mapema, asije akasikia kwa mtu mwingine.

shosh_wa_kernel

Confirmed. Kwetu mtu wa compliance angekuwa ameshalia.

Nyangumi64

Nimesoma uzi wote, ngoja niongezee kwenye memori mana mnatibu kifo ila hamjauliza kwa nini apu imenenepa hivyo mpaka Android inaichagua.

Kamera ya megapikseli 12 inatoa picha ya 4000 kwa 3000. Kwenye faili unaona MB 3 au 4 unasema ndogo, ila ikifunguliwa kwenye memori ili ionekane kila pikseli inachukua baiti 4, piga hesabu ni milioni 48, yan MB 48 kwa picha moja. Karani kapiga picha ya mkulima, wewe unamwonyesha juu ya fomu kwenye kiduara kidogo kama cha WhatsApp, lakini ndani umeifungua yote. Afu anaenda kupiga ya NIDA huku ile MB 48 bado umeikumbatia. Kwenye simu ya RAM 1 hapo umejiandikia barua ya kuacha kazi mwenyewe.

Kwenye image_picker weka maxWidth na imageQuality, kitambulisho kinasomeka vizuri tu kwa upana wa 1200 hivi, na bando la karani linapona wakati wa kupandisha. Kwenye Image.file weka cacheWidth sawa na ukubwa unaoonekana kwenye kioo. Na kama una ukurasa wa orodha ya wakulima wenye picha, kumbuka kache ya picha ya Flutter kwa kawaida inaruhusu mpaka MB 100, kwa simu hizi ni nyingi mno, ishushe kupitia PaintingBinding.instance.imageCache.maximumSizeBytes.

Kuhusu kuhamia Sentry, ni nzuri, inakupa na muda wa kila hatua (ukurasa umefunguka kwa muda gani, kusevu kumechukua muda gani) na ripoti zinakaa kwenye foleni mpaka mtandao urudi. Kama suala la data kukaa nje linawaumiza kuna GlitchTip, hiyo ni huria unaweka kwenye seva yenu na SDK unatumia ileile ya Sentry, na ni nyepesi kuliko kusimamisha Sentry nzima mwenyewe ambayo inakula RAM kama haina akili. Ila ukihama leo shida yako itahama na wewe. Muuaji wa kamera hata Sentry haitamshika kirahisi.

Fundi Chogo

Sawa nimekubali kwenye Kotlin pia tunauawa, SavedStateHandle (ya kutunza hali ya ukurasa apu ikiuawa) haikuwekwa kwa ajili ya mapambo 😂

Ila niwaambie kitu kingine, unaweza kuwa msafi kote huko na bado ukaanguka kwa kosa la mwingine. Julai 2020 Spotify, Pinterest, Tinder na nyinginezo kwenye iPhone zilikuwa zinakufa zikifunguliwa tu, na hakuna aliyegusa kodi yake siku hiyo, ni Facebook walibadilisha kitu kwenye seva zao na SDK yao iliyokuwa ndani ya hizo apu ikashindwa kukisoma. Mwaka uliofuata mwezi wa 3 ikawa zamu ya Android, toleo moja la WebView (kipande cha Android cha kuonyesha kurasa za wavuti ndani ya apu) likaangusha apu kibao kwa siku moja. Kwa hiyo angalia na hizo paketi ulizojaza, kila moja inayoamka apu inapowaka inaweza kukuua kabla hata Crashlytics haijasimama. Ndo mana Crashlytics iiwashe ya kwanza kabisa kwenye main, mengine yafuate.

karani_dijitali

Wakuu nimerudi na mrejesho. Nimetoa NIDA na namba za simu kwenye logi, nimeweka namba za nasibu. Rasimu inasevu kila kisanduku, retrieveLostData ipo, picha zimepunguzwa, kosa la tarehe nimelifunga. Nikaweka na zile alama za kabla ya kamera nikawapa makarani wachache kwanza wa Tandahimba, kwa makusudi niliwapa toleo lenye alama kabla ya lile lenye marekebisho ya picha ili niwe na cha kumwonyesha bosi.

Nyangumi64 umenifungua macho, karibu vifo vyote viko kwenye picha ya pili, ile ya NIDA. Ya kwanza inapita vizuri. Ni kama ulivosema, ya kwanza imekaliwa kwenye fomu. Bosi alipoona jedwali hakuuliza swali, akauliza tu lini linaenda kwa wote.

Swali la mwisho: meneja wa mradi anatumia iPhone na anataka apu hiyohiyo akague usajili. Nimejenga ya iPhone, inakwama pale pale inapowaka, na safari hii Crashlytics imeiona 😅 inasema UnimplementedError kwenye retrieveLostData.

Mzee wa Logi

Hiyo ni ya Android tu mkuu, kwingine inatupa hilo kosa. Izungushie if ya Platform.isAndroid.

karani_dijitali

Imewaka. Nashukuru sana.